Hapana ya dakika 9: uchambuzi wa kisa cha mafuta ya mashavuni

Sisi madaktari wa upasuaji tukiandika visa vyetu, kwa kawaida tunaandika pale kisu kilipokwenda kombo. Katika kisa hiki mimi sikushika kisu. Nilikataa kumpasua mgonjwa, na kwa kigezo chochote cha kitabibu nilikuwa na haki ya kukataa. Hata hivyo nilimkosea, na sehemu ya madhara yaliyompata baadaye naihesabu kuwa yangu. Mgonjwa mwenyewe ameyasoma maandishi haya na kuridhia wengine wayasome. Yale ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika fani yangu tumeficha mengi.

Siku ya kwanza

Alikuwa na miaka 23. Mwenye afya, havuti sigara, hatumii dawa yoyote, hajawahi kupasuliwa. Urefu sentimita 167, uzito kilo 52. Kwenye fomu ya mapokezi alikuwa ameandika kwa mkono safi: kutoa mafuta ya mashavu, kupunguza pua.

Aliketi, akanisalimia kwa adabu, akaniwekea simu mezani. "Daktari, nataka niwe hivi." Picha ilikuwa yake mwenyewe. Nilipoanza kazi hii, watu walikuja na kipande cha gazeti wakitaka pua ya mcheza filamu fulani. Sasa wengi wanakuja na sura yao iliyopitishwa kwenye filta: taya limechongwa, mashavu yamezama chini ya mfupa, pua imesinyaa, ngozi haina hata kitundu cha jasho. Kwa daktari, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayetaka pua ya mwigizaji anajua kuwa anatamani cha mwenzake, na ukimwambia haiwezekani anaelewa upesi. Anayeleta sura yake ya kwenye filta anakuja kudai kitu anachoamini ni chake, na kila asubuhi kioo kinamnyima.

Nilimchunguza. Uso mrefu, mwembamba, mifupa ya mashavu iliyojitokeza vizuri. Nilipoingiza kidole kimoja ndani ya shavu na kubonyeza kwa kingine kutoka nje, nilihisi mafuta ya kiasi cha kawaida, pengine pungufu kidogo. Pua ilikuwa imenyooka, inapitisha hewa pande zote mbili, mabawa yake mapana kidogo, na ilimkaa vizuri usoni. Hakukuwa na cha kupunguza.

Hayo niliyajua ndani ya dakika 5. Nikamwambia: "Binti yangu, huna tatizo lolote. Uso wako ni mzuri. Mimi sitakupasua, na nakushauri usikubali mtu mwingine akupasue." Akauliza kwa nini. Nikamjibu kuwa bado ni mdogo, uso wake mwembamba, atakuja kujuta. Na pua? Pua haina kosa. Akashukuru, akachukua simu yake, akatoka. Kumbukumbu za kliniki zinaonyesha kuwa aliingia saa 4 na dakika 10 asubuhi, na mgonjwa aliyemfuata aliitwa saa 4 na dakika 19.

Nakumbuka nilivyojisikia. Nilimwambia muuguzi kwamba leo tumemwokoa mtoto wa watu.

Kwa nini jibu lilikuwa sahihi

Mafuta aliyotaka yatolewe si yale ya chini ya ngozi ambayo huongezeka mtu akinenepa. Ni bonge lenye utando wake, lililokaa ndani zaidi, kati ya misuli ya kutafunia na msuli mwembamba wa shavu. Mjerumani Lorenz Heister alilieleza mwaka 1732 akidhani ni tezi. Mwaka 1802 Mfaransa Xavier Bichat akatambua kuwa ni mafuta, na mpaka leo wengi wetu tunaliita bonge la Bichat. Linaifanya misuli iteleze bila kusuguana wakati wa kutafuna, na kwa mtoto mchanga husaidia kuzuia shavu lisinywee ndani anaponyonya. Mtu mzima huwa na takriban mililita 10 kila upande. Daktari mwangalifu akiliondoa hutoa sehemu yake tu, na kiasi kinachobaki kinategemea uamuzi wake na subira yake.

Upasuaji wenyewe ni mwepesi, na hapo ndipo majaribu yalipo. Unafanyika kwa ganzi, kwa mkato wa sentimita 1 au 2 ndani ya mdomo, karibu na magego ya juu. Kovu halionekani. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini jirani na mkato huo unapita mfereji wa mate unaotoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio na kufungukia mkabala na gego la pili la juu, na juu ya bonge lenyewe yanatambaa matawi ya neva ya uso yanayoinua mdomo wa juu. Anayevuta mafuta kwa pupa, au anayechoma mshipa unaovuja damu bila kuona vizuri, anaweza kujeruhi kimojawapo.

Hatari nyingine huja polepole. Uso hupoteza mafuta kadiri umri unavyosonga, na mifupa ya taya la juu na ya kuzunguka macho nayo hupungua. Shavu lililojaa ukiwa na miaka 23 ni akiba. Ukilitoa kwa mtu mwenye uso wa mviringo, uzito uliotulia, na ujazo ambao haupungui hata akikonda, unaweza kumfurahisha kwa miaka mingi. Nimewapasua watu wa namna hiyo na sijutii. Ukilitoa kwenye uso mwembamba, unamletea kijana uso wa mtu aliyeugua.

Mtindo huu ulivuma mno mitandaoni mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023, na wengi walionijia miezi hiyo walikuwa na nyuso nyembamba. Sikushangaa sana. Mwenye uso wa mviringo akijipiga filta anaona mtu mwingine kabisa. Mwenye uso mwembamba anajiona yeye, amekaribia kukamilika, amebakiza hatua moja tu.

Aliporudi

Alirudi baada ya miezi 9. Nilimtambua kwa jina kabla ya kumtambua kwa sura.

Wiki 3 tangu nilipomkataa alikuwa amepata mtu wa kumpasua. Mahojiano yalifanyika kwa simu, na msaidizi ambaye hakuwa daktari. Fomu ya ridhaa aliitia saini asubuhi ya upasuaji, akiwa ameshavaa gauni la kliniki. Daktari alimwona kwa mara ya kwanza akiwa amelala kitandani, taa zimewashwa. Aliambiwa kuwa yatatolewa karibu mafuta yote "ili matokeo yaonekane".

Upande wa kushoto mdomo wa juu ulilegea kwa karibu miezi 4. Alijizoeza kucheka kwa kufumba mdomo. Nilipomwona, nguvu ilikuwa imerudi isipokuwa kona ya mdomo ilichelewa kidogo kuinuka. Matawi yale ya neva yameungana kwa njia nyingi, na likijeruhiwa moja, majirani zake huweza kusaidia. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Chini ya mifupa ya mashavu, hata hivyo, kulikuwa na mashimo mawili, la kushoto likiwa limezama zaidi. Kwenye mwanga wa dirisha alionekana na miaka kumi zaidi. Watu walikuwa wakimuuliza kama anaumwa.

Nilikuwa na swali mdomoni ambalo namshukuru Mungu sikulitamka: kwa nini hukunisikiliza? Yeye ndiye aliyeuliza. Hakuinua sauti.

"Daktari, siku ile nilipokuja, nilikuwa sijatoka nje mchana kwa wiki 2. Nilijikaza kuja kwako. Ukaniambia sina tatizo. Nikasema basi, huyu hakuniona."

Swali ambalo sikuliuliza

Katika dakika zile 9 nilichunguza mashavu, pua, misuli na ngozi. Sikumuuliza analala vipi. Sikumuuliza ni kwa muda gani kwa siku anaufikiria uso wake, wala ni mambo gani ameacha kuyafanya kwa sababu yake. Ni maswali machache yanayochukua dakika 5, na nayafahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa ubingwa. Siku aliyorudi niliyauliza yote, na akajibu kama mtu aliyekuwa akiyangoja.

Kabla ya upasuaji, saa 3 au 4 kila siku za kuufikiria uso wake. Picha za selfi makumi kwa makumi, zote anazifuta. Kioo cha bafuni alikifunika kwa taulo kwa miezi kadhaa, kisha akakifunua, kisha akakifunika tena. Alipokaa na watu alichagua kiti kitakachowafanya wamwone upande wa kulia. Kazi iliyomtaka akutane na watu aliiacha. Haya yalianza akiwa na miaka 16, baada ya neno moja alilotupiwa darasani. Nilimuuliza pia kuhusu chakula na uzito, maana kwa kijana mwembamba ni lazima mtu aondoe shaka ya ugonjwa wa kujinyima chakula, hilo halikuwepo. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria kujiua. Alisema amewahi, mara 2, zote baada ya upasuaji.

Hali hii hatuna jina lake lililozoeleka kwa Kiswahili. Kitaalamu huitwa dismofia ya mwili. Mimi huwaeleza wagonjwa kuwa ni ugonjwa wa kuandamwa na kasoro. Mtu huteswa na dosari ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo sana, hurudiarudia vitendo kama kujitazama, kujilinganisha na wengine na kuomba ahakikishiwe kuwa yuko sawa, na mateso hayo humvurugia kazi, masomo au uhusiano wake na watu. Inakadiriwa kuwa watu kama 2 katika kila 100 wanayo, na kwenye kliniki za upasuaji wa urembo idadi ni kubwa zaidi kwa sababu iliyo wazi: huko ndiko wanakotafuta tiba. Tiba ipo. Kuna tiba ya kisaikolojia inayofanyia kazi fikra na tabia, na kuna dawa za kundi lilelile linalotumika kwa sonona. Upasuaji mara chache humpunguzia mtu huyu mateso. Wasiwasi hubaki palepale, au huhamia kiungo kingine.

Mark Gorney, daktari wa upasuaji wa plastiki wa Marekani, aliwahi kuchora mchoro rahisi ambao hadi leo tunaufundisha. Mstari mmoja unapima ukubwa wa kasoro, wa pili unapima ukubwa wa wasiwasi wa mgonjwa. Mwenye kasoro kubwa na wasiwasi mdogo ni rahisi kumridhisha. Mwenye kasoro ndogo na wasiwasi mkubwa, usimguse. Niliufuata mchoro ule kikamilifu. Ila mchoro unakuambia nani asipasuliwe, basi. Haukuambii umfanyie nini mtu ambaye umeshamwona amesimama kwenye kona hiyo, naye yuko mbele yako, amekuja na mkoba wake na maumivu yake.

"Huna tatizo" ni sentensi mbaya kupita zote unazoweza kumwambia. Mimi nilikuwa nazungumzia mashavu, yeye akasikia nazungumzia maisha yake. Kilichokuwa kweli, na ambacho ningeweza kukisema siku ileile, ni kwamba sioni usoni mwake kitu ambacho kisu kinaweza kukitengeneza, lakini mateso anayoyapata ni ya kweli, yana jina, na wako watu wanaoyatibu.

Niweke angalizo hapa. Si kila anayekuja na picha ya filta ni mgonjwa. Wengi wanapenda tu walichokiona, wakielezwa wanacheka na kwenda zao. Wapo pia wanaotaka mabadiliko madogo, wameyafikiria kwa miaka, wanayapata na wanaendelea na maisha wakiwa na furaha. Hamu ya kupendeza haihitaji daktari wa afya ya akili. Daktari anayemwona kila mteja wa urembo kuwa na kichaa ni mvivu sawa na anayemwona kila mmoja kuwa na kasoro. Wote wawili hawajauliza.

Sentimita 30

Kuhusu pua kulikuwa na jambo dogo ambalo lingeweza kubadilisha mazungumzo yote, nami nililipita.

Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya jinsi kamera inavyoubadilisha uso kulingana na umbali. Ukijipiga picha ukiwa umeishika simu sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Sababu ni ya kijiometri: kwa umbali mdogo hivyo, ncha ya pua iko karibu zaidi na kamera kuliko mashavu na masikio, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Ukisogea hadi mita 1 na nusu, tofauti hiyo inakuwa ndogo mno kuweza kuhesabiwa. Ndiyo maana sisi tunapopiga picha za kumbukumbu hatumkaribii mgonjwa.

Maana yake binti yule alikuwa akiishi kati ya picha mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Ya kwanza ilimpanulia pua kwa sababu mkono wa mtu una urefu wake. Ya pili ilimpunguzia kwa sababu programu imeundwa kupunguza. Kila siku alipima umbali kati ya hizo mbili na kuuita ubaya wake.

Aliporudi nilimpiga picha kwa njia ya kliniki, kisha nikamwomba ajipige selfi palepale, nikaziweka sambamba. Alizitazama muda mrefu. Akasema pua ya kwenye selfi ndiyo aliyokuwa akiichukia. Sitaki kuligeuza hili kuwa muujiza. Ugonjwa wa kuandamwa haumalizwi na somo la kamera, na wiki mbili baadaye alikuwa amerudia kujipiga picha. Lakini kwa mara ya kwanza tulikuwa tunatazama kitu kimoja, mimi naye.

Mteja na mgonjwa

Kwenye kliniki nyingi za urembo neno mgonjwa limeondolewa. Anayeingia huitwa mteja. Nilidhani ni suala la adabu, maana kweli hajaja akiwa na homa. Baadaye niliona linabadilisha kila kitu. Mteja ni mfalme, husema wafanyabiashara. Mfalme haulizwi kama analala usiku. Hulipa, hupewa alichotaja, na kikimharibikia ni yeye aliyekitaja.

Ridhaa aliyoitoa kule alikopasuliwa ilikuwa na saini halali. Nimeiona nakala yake: kurasa 4, hatari zote zimeorodheshwa, neva ikiwemo. Kilichokosekana hakiandikwi kwenye fomu. Mtu atakayeshika kisu hakukaa naye. Hakukupita hata usiku mmoja kati ya maelezo na uamuzi. Hakuna aliyemwambia kuwa kutofanya lolote ni chaguo.

Uingereza, Baraza la Madaktari lilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba daktari atakayefanya kazi ya urembo lazima mwenyewe azungumze na mgonjwa na kupata ridhaa yake, asimwachie mwingine, na ampe muda wa kutafakari. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha huko kikataka angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Ufaransa mwaka 2023 ilipitisha sheria inayowakataza washawishi wa mitandaoni kutangaza upasuaji wa urembo. Norwe, tangu Julai 2022, tangazo lenye mwili uliorekebishwa kwenye picha lazima libebe alama ya kusema hivyo. Naziunga mkono zote, na hasa zile wiki 2. Kwa mgonjwa wangu wiki 2 zingetosha kwa mtu mmoja, popote, kumuuliza swali moja. Lakini sijifichi nyuma ya sheria. Kwangu mimi hakukuwa na sheria iliyovunjwa.

Kukataa nako kuna ufundi wake

Kuna mfano katika fani yetu ambao hunirudia nikifikiria kisa hiki. Upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe ulipoenea, vifo viliongezeka. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa upasuaji wa plastiki viliungana kutoa onyo: kiwango cha vifo kilikadiriwa kufikia hata 1 katika kila 3,000, kikubwa mno kwa upasuaji wa urembo. Maiti zilipopasuliwa sababu ikajulikana. Mafuta yalikuwa yamechomwa ndani ya msuli, yakaingia kwenye mishipa mikubwa ya vena iliyochanika, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye moyo na mapafu. Chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuufanya. Mwaka 2022 kikaruhusu tena kwa masharti: mafuta yawekwe juu ya msuli tu, na mrija ufuatiliwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti wakati wa kuchoma.

Kukataa kule kulikuwa na sababu iliyoelezwa hadharani na kila mtu akaielewa. Kulitaja hasa kitu gani kinaua. Na hakukuufunga mlango, maana watafiti waliendelea kutafuta njia iliyo salama. Kwangu hakukuwa na lolote kati ya hayo. Sababu niliyompa, kwamba bado ni mdogo na atajuta, ndiyo ambayo kila mtu mzima humwambia kila kijana kuhusu kila jambo. Na mlango niliufunga huku nikijipongeza.

Nadhani tatizo letu ni kwamba tumefundishwa kukata kwa miaka, na kukataa hatukufundishwa hata saa moja. Mtu anayepasuliwa nampa kikao cha saa nzima, picha, michoro, siku ya kurudi, namba ya kupiga usiku. Anayekataliwa nilikuwa nampa dakika 9, wakati yeye ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu anatoka mlangoni akiwa na hamu ileile na sasa amepunguza mtu mmoja wa kumwamini.

Sasa ninayemkataa anapata muda uleule wa anayepasuliwa. Namwonyesha kwenye picha zake kwa nini. Namchorea uso wake utakavyobadilika kwa umri. Namuuliza maswali yale machache kabla sijamshika shavu, kwani akishasikia hapana hatajibu tena kwa moyo. Nikiona dalili za kuandamwa, nampigia mwanasaikolojia tunayefanya naye kazi mgonjwa akiwa bado ameketi, ili rufaa iwe ni mtu mwenye sauti kuliko karatasi. Na kila mmoja anaondoka na tarehe ya kuniona tena, ingawa sina cha kumpasua. Wengine hawarudi. Baadhi nasikia walikwenda kwingine wakapasuliwa. Sidai kuwa njia hii inawazuia wote.

Tulichofanya, na tusichofanya bado

Mashimo ya mashavuni yana ufumbuzi wa kiasi. Mafuta huvunwa tumboni au pajani kwa mrija mwembamba, yakasafishwa, yakarudishwa shavuni tone kwa tone. Sehemu yake hufa, na hakuna anayeweza kutabiri kwa hakika kiasi gani kitabaki, kwa hiyo aghalabu hurudiwa. Hairudishi bonge la Bichat mahali pake. Hujaza kivuli.

Aliniomba nimfanyie wiki ileile. Hapa kulikuwa na mtego ambao nimeshuhudia wenzangu wakiingia: sasa kasoro ipo, kila mtu anaiona, tena imesababishwa na mkono wa daktari. Huruma inasukuma kisu kama vile tamaa ilivyokisukuma awali. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa yuleyule, na saa zake 3 au 4 za kuufikiria uso zilikuwa zimeongezeka kuwa 6. Nilimwambia sitamkatalia wala sitamkubalia siku hiyo. Nilimwambia kuhusu yale mawazo ya kujiua kwanza, kwamba hayo hayasubiri, na jioni ile alionana na daktari wa afya ya akili. Kikao chetu kilichukua saa 1 na dakika 20. Watu 3 walisubiri nje, nami nikatoka kuwaomba radhi.

Alianza dawa na vikao vya kila wiki. Baada ya miezi 5 mwanasaikolojia, mgonjwa na mimi tuliketi pamoja. Alikuwa amepata kazi nyingine, ya kukutana na watu. Muda wa kioo ulikuwa umeshuka chini ya saa 1. Mawazo ya kujiua hayakurudi. Kona ya mdomo ilikuwa imebaki na uzito kidogo, na sidhani kama itabadilika tena.

Nilimweleza upya kuhusu kurudisha mafuta: faida, mipaka, uwezekano wa kurudia, na kwamba shavu la kushoto huenda lisilingane na la kulia hata tukifanikiwa. Alisikiliza, akauliza maswali mazuri, moja likiwa ni je, akingoja mwaka mzima itamharibia nafasi. Nikamjibu haitaharibu kitu. Akasema basi angoje, ajue kwanza kama anayataka mafuta yale kwa ajili ya mashavu au kwa ajili ya kile kingine.

Tarehe yake ya kuonana nami ni mwezi ujao. Nimemwekea saa nzima.